Kisima cha Mke Mwenzangu

Mimi niliolewa siku niliyozaliwa. Nilipotolewa nje kuonyeshwa watu, babu yangu mzaa mama alinipokea, akatangaza kwamba amepata mke mdogo, na mambo yakaishia hapo. Mahari sijaiona mpaka leo. Kwetu ndivyo ilivyo. Mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, kwa mdomo tu na kwa mzaha, na kwa hiyo bibi yake, ambaye sisi wa Lubumbashi tunamwita nkambo, anakuwa mke mwenza wake. Mbanda, kama tunavyosema mjini.

Babu alifariki nikiwa sijajua kufunga kamba za viatu, lakini ndoa haikufa naye. Nkambo na mimi tulimgombania marehemu kwa miaka mingi. Nikipita na kitenge kipya, ananiuliza kama nadhani bwana atafufuka kwa ajili ya kitenge. Yeye akipaka mafuta usoni, namshauri asijisumbue, bwana alikwisha kuchagua. Majirani walikuwa wakileta viti vyao kuja kutusikiliza. Sheria ilikuwa moja: huruhusiwi kukasirika. Anayekasirika ameshindwa, na nkambo hakuwahi kushindwa.

Naeleza haya mapema ili usinihukumu bure utakaposikia jinsi nilivyoshindwa, mimi mfanyakazi wa maabara, kuwaambia watu wa nyumbani kwetu kwamba walikuwa wanakunywa choo.

Ilikuwa miaka ile nchi ilipokuwa ikibomoka kipande kwa kipande. Askari waliochoka kungoja mishahara walivunja maduka ya mjini kati. Raia wakaona aibu kuwaacha wafanye kazi peke yao, wakaenda kuwasaidia. Sisi tuliita pilaje. Mjomba wangu mmoja alirudi nyumbani akitoka jasho na katoni kubwa ya viatu vya ngozi, vyote vya mguu wa kushoto. Kampuni ya migodi iliyokuwa imemlisha baba yangu tangu ujana wake ilianza kupunguza watu, na baba akapunguzwa, akatolewa na katika nyumba ya kampuni. Alipanga chumba kimoja mtaa wa Katuba, yeye na mama, barabara mbili kutoka kwa nkambo, na akaendelea kuvaa tai kila Jumapili. Mimi nilikwenda kulala kwa nkambo, maana chumba hakikututosha.

Kazi yangu ilikuwa ya msaidizi katika maabara ya kituo cha maji. Tulikuwa wawili: mimi na fundi mkuu, mzee mwembamba aliyefua koti lake jeupe kwa mikono yake mwenyewe kwa sababu hakumwamini mtu. Wakati wa pilaje walitubebea friji, mizani, viti, hata picha ya ukutani iliyofundisha watu kunawa mikono. Walituachia sanduku moja la vichupa vya kupimia maji kwa sababu lilikuwa linanuka. Dawa ya klorini ilikuwa ikija kwa treni. Kisha ikawa inakuja nusu. Kisha ikaja barua ya kusema itakuja. Mshahara ulikuwa umetangulia kupotea. Tuliendelea kwenda kazini, nadhani kwa sababu hatukujua mahali pengine pa kwenda asubuhi.

Robine, yaani bomba za maji za mtaani, zilikauka wiki nzima nzima, na siku zikikumbuka kutoa kitu, zilitoa maji ya rangi ya chai. Ndipo watu walipokumbuka kisima cha nkambo.

Kisima kile babu alikichimba zamani kwa ajili ya bustani, kunyweshea lengalenga na matembele. Enzi za robine hakuna aliyeyanywa maji yake. Yalikuwa maji ya mboga na ya bata. Sasa barabara nzima ilikuja na madumu. Maji yalikuwa maangavu, baridi, hayana harufu. Nkambo aligawa bure. "Mayi haina ya muntu, iko ya Mungu," alisema, lakini alisema hivyo akiwa amekaa kwenye kigoda kando ya kamba, na asipoinua kidole, hakuna ndoo iliyoshuka. Mama mmoja ambaye hakuwa amemsalimia kwa miaka kumi sasa alimsalimia kwa magoti. Sijawahi kumwona mtu aliyepatana vizuri na balaa la nchi kama yeye, na mimi nilimfurahia, nisidanganye.

Shida ilitoka nyuma ya jiko. Wajomba zangu, nao walipofukuzwa makazini, walirudi na wake na watoto katika lupango, yaani kiwanja cha nkambo chenye ua. Tulipofika watu kumi na tisa, choo cha zamani kilijaa, wakachimba kingine. Siku moja nkambo alipokuwa kanisani nilipima kwa miguu kutoka choo kipya hadi kisimani. Hatua tisa, tena choo kiko upande wa juu. Nikamuuliza yule mjomba wa viatu kwa nini walichagua pale.

"Udongo ilikuwa laini," akanijibu.

Ulikuwa laini kwa sababu ulikuwa umelowa.

Nilimweleza fundi mkuu. Alifungua sanduku, akatazama vichupa vilivyobaki, akanipa kimoja. Ndani ya kichupa mna supu ya rangi ya zambarau, na ndani ya supu mna kichupa kingine kidogo sana kilichoinamishwa kichwa chini. Unatia maji unayoyashuku, unakiweka mahali penye joto sawa na la mwili wa mtu kwa siku mbili. Supu ikibaki zambarau, unaweza kupumua. Ikigeuka njano, na kile kichupa kidogo kikanasa kiputo cha hewa, ujue mle ndani kuna wadudu wa mavi, wanakula na kushiba.

Mashine yetu ya joto, iliyowashinda wezi kwa uzito, ilihitaji umeme, na umeme siku zile ulikuwa mgeni wa nusu saa. Fundi mkuu alikuwa amepata ufumbuzi: joto la mwili wa mtu linapatikana kwenye mwili wa mtu. Yeye alibeba maji ya kituo makwapani, mikono imebana ubavuni, na alipita barabarani kwa heshima kubwa ambayo watu hawakujua chanzo chake. Mimi nilibeba yangu kifuani, ndani ya sidiria.

Basi maji ya nkambo yalilala nami kuanzia Ijumaa jioni, na Jumapili niliyapeleka kanisani. Wakati wa matoleo, ngoma zilipolia na watu wakaenda mbele wakicheza, nilicheza kama mtu aliyebeba mayai. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu aliniuliza kwa sauti ya chini kama naumwa. Nilimjibu kwamba nina nadhiri. Alinipisha.

Jioni ile nilikitoa kichupa. Supu ilikuwa ya njano, njano kabisa, na kiputo kilikuwa kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuviona kazini. Nilikaa kitandani. Mama yangu mdogo, kitinda mimba wa nkambo, alikuwa na mtoto wa kike wa miezi minane, ndiyo kwanza ameanza kupewa uji, na uji ulikorogwa kwa maji ya kisima. Mtoto alikuwa akiharisha tangu wiki iliyopita. Wote walisema ni meno. Barabara ya pili watu wazima wawili walikuwa wamekwisha kuzikwa kwa kuharisha, na wale hawakuwa wakiota meno. Niliogopa sana.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenda moja kwa moja, asubuhi yake, mbele ya foleni ya madumu.

"Mbanda," nkambo alinipokea, "unatoka wapi na sura ya kilio?"

"Nkambo, mayi ya shimo yako iko mubaya. Kuko mavi ndani."

Alipiga makofi kwa furaha. "Munasikia? Bwana alinichimbiaka miye shimo. Yeye hakumuchimbiaka hata kashimo ka kuzika panya. Leo wivu inamukamata!"

Wanawake wakaanza kucheka. Niliinua kichupa wakione. Nikaeleza supu, nikaeleza kiputo. Nkambo alisikiliza kwa makini, kichwa upande, akauliza swali moja tu:

"Na siku zote mbili ulikuwa unakitunza wapi?"

Ningeweza kusema uongo. "Mu kifua," nikasema.

"Mu kifua!" Aligeukia foleni. "Banamama, mu ile kifua hata ukiweka mayi ya baraka ya padri, siku mbili itageuka njano!"

Dumu la mtu lilianguka kwa kicheko. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka pia, kwa sababu lilikuwa neno zuri, nikamrudishia lingine kuhusu kifua chake na mahali kilipofikia, na tukaendelea hivyo mpaka madumu yote yakajaa na watu wakaondoka na maji yao wakiwa wamefurahi. Nilikuja kuokoa watu, nikawatumbuiza. Wazee walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini hawakusema usaha unatokea upande gani.

Nilijaribu mara ya pili tukiwa wawili tu, jikoni, kwa sauti ya chini na ya taratibu, nikimtaja yule mtoto. Nkambo alinitazama kwa kustaajabu. "Leo mbanda anasema polepole," akasema. "Umejifunza mbinu mupya." Kesho yake aliiga sauti yangu mbele ya foleni, neno kwa neno, na aliiga vizuri.

Nikaenda kwa mama. Mama aliweka chini sufuria aliyokuwa anasugua.

"Niende kuambia mama yangu kama anatukunywesha mavi? Na mudomo gani?"

"Ule wa kulia uji, mama."

"Na weye, endelea kucheka vile na nkambo yako. Njo sababu hakuna anakusikiaka."

Nilianza kumchemshia mtoto maji mimi mwenyewe. Lakini makaa yalikuwa yakipatikana kwa shida, lupango zima lilipika chungu kimoja kwa siku kwenye mbabula moja, jiko letu la makaa, na nkambo alisema maji yakichemshwa yanakuwa maji ya maiti, hayana ladha. Mama mdogo alinikubalia siku mbili. Siku ya tatu makaa yaliisha, na mtoto alikuwa analia njaa, akakorogewa uji kwa maji ya kisima. Sikumlaumu. Sote tulikuwa tunakunywa yale yale, pamoja na mimi, kiu ikinizidi.

Fundi mkuu aliposikia habari hizi alikasirika kitaalamu. Alisema tatizo ni mimi: mjukuu hana uzito. Inatakiwa sauti ya sayansi. Aliandika ripoti ya ukurasa mmoja kwa Kifaransa, akaigonga mhuri, akavaa koti jeupe na kofia yake ya sherehe, akaja nami Katuba siku ya Jumamosi mchana. Nilipomwona akiingia langoni, mrefu, mweupe, karatasi mkononi, moyo wangu ulitulia. Foleni ilimpisha. Hata bata walipisha.

"Mama," alianza, "nimetumwa na matokeo ya uchunguzi..."

"Kwanza ukae, baba," nkambo akasema kwa adabu kubwa. "Muntu anajulikana kwa kwao. Weye muntu wa wapi?"

Fundi mkuu akataja kijiji chake, upande wa Kasenga.

"Ah, tuko bamoya! Miye muntu wa Kasomeno. Na ukoo?"

Hapo niliona fundi mkuu akifumba macho. Alikuwa mtu wa sayansi, lakini ukoo haudanganywi.

"Uyoga," akasema.

Lupango zima lililipuka. Nkambo alikuwa wa ukoo wa Mvua, na Mvua na Uyoga ni watani tangu dunia ilipoumbwa, kwa sababu mvua isiponyesha uyoga hauoti. Mtani akikutana na mtani hakuna mhuri wala Kifaransa. Nkambo alikuwa amesimama tayari. Alimvua kofia akaivaa yeye.

"Uyoga anakuya kuambia Mvua kama mayi iko mubaya! Nani alikuoteshaka weye?"

Maskini fundi mkuu. Alikuwa mtu asiyetabasamu hata kwenye harusi, lakini sheria ya utani ni sheria, na mtani anayekasirika ni aibu ya ukoo wake. Akajibu kwamba Mvua haichagui, inanyesha hata kwenye choo, ndiyo maana maji ya ukoo ule yana ladha ile. Watu wakapiga vigelegele. Nkambo akamchotea kikombe cha maji ya kisima amalizie kiu ya safari. Fundi mkuu alikitazama kikombe, akanitazama mimi, kisha akayamwaga maji yote miguuni pa nkambo. Ulikuwa utani mzuri kuliko wote wa mwaka ule. Watu walishikana mabega. Hakuna hata mmoja aliyeelewa kwamba mtu yule alikuwa amekataa kunywa.

Ripoti sikuiona tena mpaka Jumatatu, ilipokuwa imefungiwa karanga. Kofia haikurudi kabisa.

"Sikiliza," fundi mkuu aliniambia nilipomsindikiza barabarani, kichwa wazi juani. "Yule mama hawezi kuambiwa kitu na mtu wa kucheka naye. Tafuta mtu asiyeweza kucheka naye."

Nilifikiri njia nzima ya kurudi, na kwa kweli nilikuwa namjua mtu huyo tangu mwanzo. Sikutaka tu kumfikiria.

Mtu huyo alikuwa baba yangu. Kwetu mkwe na mama mkwe ni moto na petroli; hukaa mbalimbali kwa heshima. Kwa miaka yote tangu alipomwoa mama, baba hakuwahi kula mbele ya nkambo, kumtazama usoni, wala kumtamkia neno moja kwa moja. Wakikutana njiani, baba alipinda kando, hata kama kando ni mtaro. Wakiwa na jambo la kuambiana, walilipitisha kwa mtu wa tatu, ijapokuwa wanasikiana vizuri. Na kitu anachokitoa mama mkwe, mkwe hakikatai. Anapokea kwa mikono miwili.

Kila Jumapili baada ya misa baba alikuja kutoa heshima zake. Aliwekewa kiti karibu na lango, mgongo umeelekea nyumba. Nkambo alimpelekea maji katika kikombe cheupe cha bati, kimefunikwa kisahani, na mbebaji nilikuwa mimi. Baba alivua kofia, akanywa yote mpaka tone la mwisho, akapiga makofi polepole, akaenda zake. Miezi yote ile alikuwa akiyanywa.

Nilimkuta chumbani kwake akinyoosha suruali kwa kuilalia chini ya godoro. Nilimweleza kila kitu na safari hii sikuchekesha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Tumbo yangu ilishaniambiaka kabla yako," akasema.

"Basi, baba, umuambie nkambo."

"Unajua njo nini unaniomba? Kazi ilienda. Nyumba ilienda. Batoto ya bantu hata salamu habanipatie tena. Kwa mama mukwe njo pahali pamoya tu nabakia muntu."

Alisema kweli. Nkambo ndiye mtu pekee mjini aliyekuwa bado anamfunikia kikombe kwa kisahani. Niliona haya kwa kumwomba. Lakini alfajiri ile nilikuwa nimemshika yule mtoto, nikaona macho yamezama na ngozi ya tumbo ukiifinya hairudi haraka, na kwenye maabara nilikuwa nimefundishwa maana yake. Nikamwambia baba hilo pia. Akatoa suruali chini ya godoro, akaikagua mistari, hakusema atakuja wala hatakuja.

Jumapili alikuja, na tai. Foleni ya madumu ilikuwa ndefu kwa sababu robine zilikuwa siku ya tisa hazijatoa hata hewa. Nkambo alichota, akafunika, akanipa. Nilimpelekea baba kikombe.

Alivua kofia. Alikipokea kwa mikono miwili, akakishika pale bila kukifunua. Wanawake waliokuwa karibu waligeuka kutazama. Kisha akakirudisha mikononi mwangu kikiwa kimejaa.

"Rudisha kwa mama," akasema, macho yametazama lango. "Umuambie, mukwe wake hatakunywa tena mayi ya hii shimo. Na anaomba hata batoto basikunywe."

Sauti haikuwa kubwa, lakini kila mtu alisikia, na nkambo, aliyekuwa hatua nne nyuma yake, alisikia kuliko wote. Hata hivyo ilinilazimu kutembea zile hatua nne na kulirudia neno lote kwake, kwa kuwa ndiyo desturi, naye ilimlazimu kujifanya hajalisikia, kwa kuwa ndiyo desturi pia. Nililirudia. Nikangoja mzaha. Baba alivaa kofia, akapiga makofi polepole kama kawaida yake, akatoka langoni bila kugeuka.

Nkambo alifunua kikombe, akatazama ndani. Maji yalikuwa maangavu kabisa.

"Huyu haiko muntu wa kucheka na miye," akasema.

Alimwaga kikombe chini. Aliingia ndani, akausukuma mtungi wa maji ya kunywa mpaka ukalala ubavu na sakafu ikalowa. Akatoka, akaenda jikoni, akaondoa sufuria ya uji wa mtoto kwenye mbabula na kuimwaga kwenye shimo la takataka, uji mzima, wakati unga ulikuwa wa kutafutwa kwa tochi. Akamwita mjomba wa viatu alete bati na mawe. Mjomba akaanza kutania kwamba kisima kinazikwa bila jeneza. Nkambo alimtazama, na mjomba akaenda kuleta mawe. Foleni ilitawanyika kimya kimya, na yule mama wa magoti aliondoka bila kuaga.

Mtoto tulimpeleka kwa masista wa zahanati, tukampa maji yaliyochemshwa yenye chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko, zamu kwa zamu, mpaka macho yakarudi mahali pake. Ilichukua siku nyingi. Maji ya kunywa tulianza kuyafuata kwenye kisima kirefu cha hao hao masista, mwendo wa nusu saa kwenda, na zaidi kurudi kwa sababu ya uzito.

Baba hakusalimika. Wajomba walikaa baraza: mkwe kukataa maji ya mama mkwe, mbele za watu, kosa hilo halikuwa na mfano. Walimtoza kuku. Baba alileta kuku mmoja mwembamba sana, naye alionekana amepunguzwa na kampuni. Nkambo alimla peke yake kuanzia kichwa hadi makucha, akanituma kupeleka shukrani. Lakini kikombe hakikutoka tena. Kitu kilichokataliwa na mkwe hakitolewi mara ya pili. Baba aliendelea kuja kila Jumapili, anakaa kidogo na koo kavu, anapiga makofi, anaondoka, miaka yote mpaka nkambo alipofariki. Jambo hilo bado linaniuma.

Watu hawakuja tena kwa nkambo. Walimsalimia kutoka barabarani, kwa mkono. Kigoda alikihamishia mlangoni pa jiko, na mchana mmoja nilimkuta hapo anapukuchua mahindi, mama mdogo amekaa karibu na mtoto amelala mgongoni, kashavu kameanza kunona. Nilifurahi kuwaona hivyo. Nikamwanza nkambo kama siku zote:

"Mbanda, naona bwana alikunyang'anya shimo. Alijuaka nani anamupenda kweli."

Alimaliza gunzi moja, akachukua lingine.

"Ulijuaka," akasema.

"Nilikuambiaka, mbanda! Mara ngapi?"

"Mbanda aliniambiaka, ndiyo. Mbanda kila siku ananiambia maneno, na miye namujibu." Vidole vyake havikusimama. "Mutoto alikuwa anaenda kukufa. Lakini mujukuu wangu, yeye, hakuyaka kuniambia."

Nilikuwa na jibu mdomoni. Siku zote nilikuwa nalo, na lile lilikuwa zuri, lingemchekesha hata mama mdogo. Nkambo aliweka gunzi chini, akawa ananitazama tu, anangoja.

Nikapiga magoti pale penye magunzi. Nikamwita nkambo, nikaanza upya kuanzia udongo laini na zile hatua tisa, nikamweleza moja baada ya jingine yote aliyokwisha kuyajua. Hakucheka hata mara moja. Mimi ndiye niliyelia.